Siku tatu Lisbon na mama mwenye magoti mabovu

"Naishi Hamburg. Mama yangu ana miaka 67, amekuja kunitembelea kutoka Tanga kwa viza ya Schengen ya miezi miwili aliyopewa na ubalozi wa Ujerumani. Mwezi wa Mei nataka nimpeleke Lisbon siku tatu, kwa sababu tangu tukiwa wadogo alikuwa akitusimulia habari za Wareno na Kilwa. Magoti yanamsumbua, ngazi za ghorofa moja tu zinamtesa. Rafiki yangu amenipa orodha: tramu namba 28, ngome ya São Jorge, lifti ya Santa Justa, Mnara wa Belém, monasteri ya Jerónimos na Sintra. Anasema tupande vilima kwa tramu, halafu tushuke taratibu kwa miguu. Kaka yangu naye amekasirika, anasema kwenda kwenye kaburi la Vasco da Gama ni kumpa heshima mtu aliyeichoma moto Mombasa. Tunakula halali. Je, viza ya mama inaruhusu? Na mji wa vilima unamfaa, au nimtafutie mji tambarare?"

Mfikishie mama shikamoo yangu. Maswali yako ni matatu na yote yana majibu. Naanza na viza kwa sababu ndiyo nyepesi.

Viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, iliyotolewa na Ujerumani inamruhusu kuingia Ureno bila kuomba nyingine, mradi Ujerumani ibaki kuwa ndiyo safari yake kuu na siku zake hazijaisha. Siku tatu ndani ya miezi miwili hazina shida. Tazama stika iliyobandikwa kwenye pasipoti: mahali panapotaja nchi pawe pameandikwa "Schengener Staaten", yaani nchi za Schengen, kisha tazama idadi ya kuingia, ambayo huandikwa 01 (mara moja), 02 (mara mbili) au MULT (mara nyingi). Hapo ndipo watu hunaswa. Mtu anakuta tiketi ya bei nafuu inayopitia London au Dublin, anainunua, bila kukumbuka kwamba Uingereza na Ireland hazimo Schengen. Mama mwenye 01 akipita huko atahesabiwa ametoka, na viza yake imekwisha kazi. Nunua ndege ya moja kwa moja, au inayobadilishia ndani ya Schengen, na abebe pasipoti yenyewe, si nakala.

Sasa magoti. Usibadilishe mji. Lisbon inasifika kwa vilima, na kweli vipo, lakini sehemu kubwa ya kile mama anachotaka kukiona iko chini, kando ya mto Tagus, kwenye ardhi tambarare. Mtaa wa Baixa ni tambarare. Uwanja mkubwa wa Praça do Comércio unaofunguka mtoni ni tambarare. Belém, kilomita kama sita magharibi, ni tambarare toka monasteri hadi mnara. Vilima ni Alfama, eneo la ngome, Graça na Bairro Alto, na huko kuna njia za kufika kwa chombo.

Ushauri wa rafiki yako wa kupanda kwa tramu na kushuka kwa miguu ni mzuri kwa mtu anayeishiwa pumzi lakini magoti yake ni mazima. Kwa mama ni kinyume kabisa, na ningependa uelewe kwa nini, maana ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaotembeza wazee wao hapa. Mtu akishuka mteremko au ngazi, mguu mmoja hubeba uzito wote wa mwili huku goti limekunjwa. Msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki, na unapokaza huukandamiza mfupa wa mbele wa goti, uitwao pia, kwenye mfupa wa paja. Kama gegedu hapo limelika, kila hatua ya kushuka inasaga mahali palepale panapouma. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, kushuka ndiko kunakoumiza goti. Mwulize mama mwenyewe ni lini anashika ukuta zaidi, akipanda ngazi za kwako au akizishuka, halafu upange safari kwa jibu lake.

Ongeza na mawe ya njiani. Kando ya barabara za Lisbon pametandikwa vijiwe vya chokaa vyeupe na vyeusi, vya ukubwa wa kiberiti hivi, vimepangwa kwa nakshi za mawimbi na maua. Ni kazi ya mikono ya kupendeza mno. Lakini vimelainishwa na nyayo za miaka mingi, na penye mteremko huteleza hata siku kavu, achilia mbali mvua ikinyesha. Viatu vya mama viwe na soli ya mpira yenye mikwaruzo, vimefungwa kisigino. Ndala na viatu vya ngozi vibaki Hamburg.

Kwa hiyo kanuni ya safari yenu iwe hii: mpande kwa chombo na mshuke kwa chombo. Kutoka Baixa kuna lifti ya umma, ya bure, ndani ya jengo lililoko mtaa wa Rua dos Fanqueiros. Inawatoa kwenye kiwanja kidogo cha juu, na hatua chache kutoka hapo kuna lifti nyingine ndani ya jengo la soko la zamani la Chão do Loureiro, ambalo sasa lina supamaketi na maegesho. Hiyo inawafikisha karibu na njia ya kwenda ngomeni. Upande wa pili, kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu zinazounganisha mlango wa chini wa Baixa na mlango wa juu wa Chiado, kwa hiyo kilima kizima mnakipanda mmesimama. Basi dogo namba 737 hutoka Praça da Figueira hadi kwenye ngome. Na kama hamjali gharama kidogo, bajaji za watalii zimejaa mji mzima, nyingi za umeme. Patana bei na muda kabla mama hajakaa.

Lifti ya Santa Justa, ya mwaka 1902, ni chuma kizuri cha kutazamwa kutoka chini. Foleni yake inaweza kula saa nzima ya kusimama, na kusimama nako ni adui wa goti. Iacheni. Kuna pia mabehewa yanayovutwa kwa waya kwenye miteremko. Moja, la Glória, lilikatika waya na kuanguka tarehe 3 Septemba 2025, watu 16 wakafariki, na huduma ya mabehewa hayo ikasimamishwa. Msipange siku yenu kwa kuyategemea.

Tramu namba 28 ni nzuri, lakini si kwa namna watu wanavyoipanda. Wengi hujipanga Martim Moniz saa nne asubuhi, wakasimama juani, kisha wakasimama tena ndani wakiwa wamebanana. Wachomoaji wanaipenda tramu hiyo kwa sababu hiyohiyo. Mabehewa yenyewe ni ya miaka ya 1930, kidato cha kuingilia kiko juu, na kwenye kona yanatupa watu. Kama mama anaitaka kweli, nendeni kwa teksi hadi mwisho wa pili wa njia, Campo de Ourique, penye makaburi ya Prazeres, mapema asubuhi. Hapo behewa linaanza tupu na atapata kiti cha dirishani. Mshuke Portas do Sol: ni baraza pana, tambarare, na paa nyekundu za Alfama zinaonekana zikishuka hadi mtoni. Akae hapo anywe kahawa. Kushuka kupitia vichochoro vya Alfama msijaribu, ni ngazi baada ya ngazi. Rudini kwa tramu au teksi.

Ngome ya São Jorge ningeiacha. Wamori, yaani watawala Waislamu wa wakati huo, waliishika hadi mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka mji, na habari hiyo ni kubwa. Lakini kuta na minara mnayoiona leo, sehemu kubwa ilijengwa upya katika ukarabati ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1930. Ndani ni mawe yasiyo sawa na ngazi za kuta zisizo na cha kushika. Mandhari ya Portas do Sol yanawatosha.

Na Sintra? Futa. Ni safari ya siku nzima, kasri la Pena liko juu ya mlima, na ninyi siku zenu ni tatu.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui, na likijulikana mji wote unaeleweka. Katikati ya Lisbon hapana umri ambao watu wanadhani. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa inawaka, tetemeko kubwa liliupiga mji. Waliokimbilia mtoni walikutana na mawimbi ya tsunami, na moto ukaendelea kwa siku kadhaa. Kasri la mfalme lililokuwa kando ya mto likatoweka pamoja na nyaraka zake. Mitaa iliyonyooka ya Baixa ilipangwa upya baada ya hapo chini ya Marquês de Pombal, waziri mkuu wa mfalme, na ndani ya kuta za nyumba zake kuna fremu za mbao zilizounganishwa msalaba-msalaba ili zicheze tetemeko likirudi bila kuanguka. Mkitoka kwenye zile ngazi za umeme za Chiado, mwendo mfupi mtafika kanisa la Carmo, ambalo lilipoteza paa siku ile na sehemu kubwa ikaachwa hivyo. Matao yamesimama, juu ni mbingu. Mama atalielewa bila maelezo.

Sasa nije kwa kaka yako. Hajakosea kuumia, ila ameunganisha watu wawili. Mombasa ilichomwa moto mwaka 1505 na kikosi cha Mreno mwingine, Francisco de Almeida, kilichokuwa kimeipora Kilwa wiki chache kabla. Vasco da Gama alipita Mombasa mwaka 1498, hakuaminiana na wenyeji, akaendelea hadi Malindi, ambako alipokelewa na kupewa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut, India. (Hadithi kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu maarufu, inapendwa sana pwani, lakini wanahistoria wengi hawaikubali tena.) Hiyo haimsafishi. Alirudi mwaka 1502 na meli nyingi, akatia nanga Kilwa na kumlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kwa tishio la mizinga, akubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Kodi ililipwa kwa dhahabu, ile iliyokuwa ikifika Kilwa kutoka Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na bara la Zimbabwe.

Dhahabu hiyo ipo. Iko Lisbon, na mama anaweza kusimama mbele yake. Hilo halimo kwenye orodha ya rafiki yako, na kwangu mimi ndilo la kwanza.

Da Gama aliifikisha mwaka 1503. Mfalme Manuel I akaamuru itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka hostia, yaani mkate wao mtakatifu, ili waumini waiabudu, kwa ajili ya monasteri ya Jerónimos iliyokuwa ikijengwa. Ilikamilika mwaka 1506, na fundi anayetajwa ni Gil Vicente. Inaitwa Custódia de Belém, na imehifadhiwa katika Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho la sanaa lililoko mtaa wa Janelas Verdes, kati ya Baixa na Belém. Urefu wake ni kama sentimita 73. Juu ni minara myembamba kama ya kanisa, katikati mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, kila mmoja na sura yake na joho lake la enameli ya rangi, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya dhahabu. Mwambie mama asiishie kwenye mitume. Ainame kidogo atazame kitako: kuna maandishi ya enameli yanayozunguka ukingo, yakisema mfalme aliamuru kazi hii ifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limo humo, kwa Kireno cha zamani, na aliyeliandika ni mpokeaji wa kodi mwenyewe. Ushahidi wa aina hiyo ni adimu sana katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, ambako vitu vingi vya kwetu vimekaa bila kusema vilifikaje.

Ukienda huko chukua teksi hadi mlangoni. Kituo cha tramu kiko chini upande wa bandari, na kati yake na makumbusho kuna ngazi ndefu. Nyuma ya jengo kuna bustani yenye viti inayotazama mto. Angalizo moja: makumbusho na majengo ya serikali ya Ureno yamekuwa yakifungwa kwa zamu kwa ukarabati miaka hii, na mengi hayafunguliwi Jumatatu. Kabla hujalipia ndege, ingia kwenye tovuti ya makumbusho hayo uone kama yamefunguliwa kwa tarehe zenu. Kama yamefungwa na mnaweza kusogeza safari, sogezeni.

Belém iwe siku ya pili, na mfike kabla milango haijafunguliwa. Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, penye kanisa dogo ambalo mabaharia wa da Gama walisali kabla ya kuondoka Julai 1497. Ilijengwa kwa sehemu ya moja kwa ishirini ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki, kwa hiyo nayo ina jasho la pwani yetu ndani yake. Ndiyo iliyonusurika tetemeko la 1755, karibu nzima. Watu huchanganya foleni zake mbili: ya kanisa na ya ua wa ndani wenye matao mawili ghorofa juu ya ghorofa. Ua ndio unaohitaji tiketi, inunue mtandaoni yenye saa. Ghorofa ya chini ya ua inatosha, nguzo zake zimechongwa kamba za meli, matumbawe na majani ya nchi za mbali. Wanaosema kuna siku za kuingia bure wanazungumzia wakazi wa Ureno, si ninyi.

Kaburi la da Gama liko mara tu unapoingia kanisani, upande wa kushoto, na la mshairi Luís de Camões liko kulia. Si kaburi alilozikwa. Alifia Cochin, India, Desemba 1524, na mifupa yake ilihamishwa zaidi ya mara moja hadi ilipowekwa hapa karne ya 19. Majeneza ya mawe mnayoyaona yamechongwa wakati huo, Ureno ilipokuwa ikijikumbusha ukubwa wake. Mwambie kaka kwamba kulitazama kaburi si kumsomea mtu dua. Mama aliyewasimulia wanawe habari za Kilwa ana haki ya kusimama hapo na kumtazama huyo mtu anavyopenda yeye. Akiona hapana, ajipitie zake moja kwa moja uani. Mwachie aamue palepale.

Mnara wa Belém, uliomalizwa karibu mwaka 1519, utazameni kutoka nje. Ndani ni ngazi moja nyembamba ya mzunguko, wapandao na washukao wanapishana kwa zamu, na mnara ulifungwa kwa matengenezo mwaka 2025. Uzuri wake wote uko nje. Mkitaka kuvuka kwenda mtoni kutoka Jerónimos, njia ya chini ya barabara na reli ina ngazi, basi mwambie dereva awashushe upande wa mto.

Siku ya tatu mkiwa Baixa, piteni kiwanja cha São Domingos karibu na Rossio. Mwaka uleule wa 1506 monstransi ilipokamilika, kundi la watu lilianza hapo mauaji ya watu wa mji wenye asili ya Kiyahudi, na kuna jiwe la kumbukumbu. Siku hizi kiwanjani hukutana wazee wa Guinea-Bissau, na akina mama huuza karanga na kola. Ni tambarare.

Chakula cha halali kiko Martim Moniz, hasa mtaa wa Rua do Benformoso wenye Wabangladeshi wengi, dakika chache kutoka hapo. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na walioijenga jumuiya yake ya mwanzo wengi walitoka Msumbiji. Kwingineko samaki wa kuchoma ndiye mwokozi wenu, agiza dourada au sardini. Tahadhari mbili: supu ya caldo verde huwekwa soseji ya nguruwe, na baadhi ya maandazi na hata vile vikeki vya krimu vinavyopendwa, pastéis de nata, huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, yaani banha. Ulizeni kila duka. Mkate na zeituni zinazoletwa mezani bila kuagizwa hulipiwa mkizila, msipozitaka waambieni waondoe.

La mwisho ni la daktari, na hili si langu kuliamua. Kama goti la mama linavimba, lina joto, au linamfunga ghafla asiweze kulinyoosha, mpeleke kwa daktari wa mifupa huko Hamburg kabla ya kulipia chochote. Kama ana presha, sukari, au miguu humvimba akikaa muda mrefu, daktari aseme pia kuhusu ndege na dawa za maumivu, maana baadhi ya dawa za maumivu hupandisha presha na kuumiza figo. Dawa zake ziwe kwenye boksi zake halisi, ndani ya mkoba wa mkononi. Soma bima aliyopewa viza nayo uone kama inataja Schengen nzima. Mkiwa Lisbon, famasia zina alama ya msalaba wa kijani, na dharura ni 112. Na hata kama mama anasema anaweza kutembea, omba msaada wa kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla, kwenda na kurudi. Hautozwi, na mwendo wa ndani ya kiwanja cha ndege cha Lisbon unaweza kuwa mrefu kuliko matembezi yote ya Baixa niliyowapangia.